Kwa Niaba ya Waziri

Wizara niliyofanyia kazi sitaitaja. Ilibadilishwa jina mara tatu nikiwa nimeketi kwenye kiti kilekile, na baadhi ya waliokuwa wakubwa wangu bado wako hai na wana mawakili. Huyu mmoja nitasimulia habari zake, bila jina pia, kwa sababu hata ofisini jina lake hatukulitumia. Tulimwita Msaidizi. Cheo chake kamili kilikuwa Waziri Msaidizi, na mwenyewe alipenda kitamkwe chote, lakini sisi tulikuwa na kazi nyingi.

Yeye kazi yake kubwa ilikuwa moja, kujibu maswali Bungeni. Waziri mwenyewe alikuwa mtu wa safari. Kukiwa na mkutano wa kufikiwa kwa ndege, Waziri alikuwa huko. Kukiwa na swali, Msaidizi ndiye aliyesimama. Mbunge angeuliza kwa nini kisima cha kwao kimekauka, au kwa nini bwawa limepasuka kabla ya kufunguliwa, na Msaidizi angevuta koti, angekohoa mara moja, na kusema, "Bwana Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu."

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilikuja Nairobi kutoka Kitui mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapanga chumba Kawangware, karibu na steji ya basi namba 46, na kwa karibu miaka mitano majibu yote aliyosoma mbele ya taifa yalipitia vidoleni mwangu. Swali lilitoka Bungeni likafika kwetu kwa karatasi. Likapelekwa kwa wataalamu, wataalamu wakalipeleka wilayani, wilaya ikalirudisha na maneno mawili matatu, Mkuu wa Idara akayanyoosha, nami nikayapiga chapa. Kufikia hapo jibu lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ni lake.

Alikuwa mtu mnene wa wastani, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alichelewa kila mahali isipokuwa Bungeni. Harusi ya binti yake mwenyewe alifika wakati wa keki. Lakini siku za maswali alikuwa kwenye kiti chake kabla hata ya wale wanaofuta meza, amekumbatia faili kama mtu aliyeambiwa amshikie mwenzake mtoto.

Sheria za Bunge zilimruhusu mbunge kuzungumza Kiswahili au Kiingereza, ila ukianza na lugha moja lazima umalize nayo. Msaidizi aliitumia sheria hiyo kwa namna yake. Akiwa na jibu, alijibu kwa Kiswahili, kwa ufupi, akaketi. Akiwa hana, alichukua Kiingereza na kutembea nacho polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nilimpigia chapa kwa lugha zote mbili, lakini uamuzi aliufanya akiwa amesimama. Akirudi ofisini hatukumuuliza mambo yalikwendaje. Tulimuuliza dereva leo ilikuwa lugha gani.

"Kizungu," dereva angesema akitikisa kichwa. "Dakika ishirini."

Aliwahi kunieleza falsafa yake yote tukiwa tunasubiri faili. "Mwende," akaniambia, "jibu la Bunge si lazima limridhishe mtu. Linatakiwa liwe na mwisho tu. Mtu akisikia mwisho, anaketi."

Shida ilikuwa maswali ya nyongeza. Jibu la kwanza liliandikwa, lakini baada ya hapo wabunge waliruhusiwa kuuliza chochote kinachohusiana nalo, na hapo karatasi haikumsaidia. Siku moja jibu letu lilisema kwamba bwawa fulani limejengwa upande wa mashariki wa mji. Mbunge wa huko akasimama akaeleza kwamba mashariki ya mji wao ni mlima mtupu, na kwamba yeye amezaliwa juu yake. Msaidizi akaitazama karatasi. Akaigeuza nyuma, ambako hakukuandikwa kitu. Kisha akasema, "Bwana Spika, hilo ni kosa la mpiga chapa."

Bunge likacheka, Spika akaita swali linalofuata, na Msaidizi akawa amegundua dawa. Tangu siku hiyo aliitumia bila kipimo. Visima vilivyohesabiwa mara mbili, mto uliopewa wilaya isiyo yake, mhandisi aliyekwisha kufariki akatajwa kuwa yuko kazini na anaendelea vizuri: yote hayo niliyafanya mimi.

Laiti yangebaki Bungeni. Lakini redio ilikuwa na kipindi cha jioni cha mambo ya Bunge, na pale Kawangware redio ya mmoja ilikuwa redio ya plot nzima, vyumba vyote vya ua mmoja. Jirani yangu, aliyekuwa na saluni, alinisubiri mlangoni.

"Mwende, huyo mpiga chapa wanayemsema ni wewe?"

"Wapiga chapa ni wengi."

"Lakini wizara si ni hiyo yako?"

"Ni hiyo."

Akanitazama vidole kwa huruma. Jumapili, mchungaji wetu, ambaye naye alikuwa msikilizaji, aliombea mikono ya wafanyakazi wa serikali. Hakunitaja, lakini alifumbua jicho moja na kuniangalia.

Kesho yake nilimwendea Msaidizi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Mheshimiwa, ile mashariki haikuwa yangu."

"Najua."

"Na yule mhandisi marehemu aliletwa na Mkuu wa Idara. Nilimpiga chapa vile alivyokuja."

"Najua, Mwende."

"Sasa mbona unasema ni mimi?"

Akaivua miwani. Hakuwa na aibu wala hakuwa na hasira, alionekana kama mwalimu anayeeleza hesabu rahisi. "Nikisema ni Mkuu wa Idara, ataniandikia barua na nakala ataipeleka juu. Nikisema ni Waziri, nitasikia jina langu redioni saa saba. Wewe nikikutaja, utafanya nini?"

"Nitanuna."

"Basi unaona."

Siku iliyofuata lifti ilikuwa imekufa. Nilisikia mtu akihema kwenye ngazi, nikatoka kutazama, nikamkuta Msaidizi kwenye orofa ya saba na mkungu mzima wa ndizi begani, suti imejaa utomvu. Alikuwa ameutoa shambani kwake. Akauweka juu ya meza yangu, akaufunika na gazeti, akaingia ofisini mwake. Wiki mbili baadaye nikakosea tena, safari hii kuhusu mabomba.

Saa saba aliyoitaja inahitaji maelezo. Miaka hiyo wakubwa waliteuliwa na kufutwa kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Mtu aliweza kwenda kula akiwa na gari, dereva na bendera, akamaliza kula akiwa hana hata kijiko. Kwa hiyo Msaidizi hakula chakula cha mchana kama watu wengine. Saa saba kamili alitia tonge mdomoni na kuacha kutafuna. Alisikiliza akiwa hivyo, shavu limevimba, mpaka habari za uteuzi zikapita na wakafikia mambo ya nchi za nje. Hapo ndipo alipomeza. Niliwahi kumuuliza kwa nini asisubiri tu kabla ya kuanza kula. Akasema akisubiri ataonekana anaogopa.

Mtu aliyemzoea kuliko sisi wote alikuwa Mama Chai. Ndiye aliyetuletea chai saa nne na saa kumi. Alitoka upande wa ziwani, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, mwenye nyumba ya kupanga Kibera na watoto wanne. Alimwita Msaidizi "Mheshimiwa" kama sisi sote, lakini kwa namna ya mtu anayemwita mtoto wake "daktari".

Alikuja kuwa mpinzani kwa bahati tu. Msaidizi alipenda kufanya mazoezi kabla ya kwenda Bungeni. Alinifanya mimi Spika, kwa sababu nilikuwa na rula ya kugonga meza. Alihitaji mtu wa kuuliza maswali ya nyongeza, na asubuhi moja Mama Chai alikuwa amesimama pale na sinia.

"Mama, niulize swali lolote kuhusu maji," Msaidizi akamwambia. "Uwe mkali. Jifanye mbunge wa upinzani."

Mama Chai akaweka sinia chini, akafikiri. "Mheshimiwa, wewe ulioga leo?"

Nikagonga meza. Msaidizi akasema hilo halihusiani na swali la kwanza.

"Linahusiana. Kama ulioga, maji yalitoka wapi? Na kama yanafika kwako, yanapitia wapi hata yasifike kwangu?"

Msaidizi akafungua mdomo, akaanza kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo Mama Chai alishika kiti cha upinzani na hakukiachia. Alikuja saa tatu badala ya saa nne. Nadhani Msaidizi alimwogopa kidogo, na nadhani pia Mama Chai alikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye Msaidizi alimjibu huku akimtazama machoni.

Ni yeye Mama Chai aliyetaka kujua Baraza la Mawaziri linafanyaje kazi. Kulikuwa na mbunge aliyeuliza kama Waziri alikubaliana na uamuzi fulani wa Baraza, na Msaidizi alikuwa akijizoeza kusema kwamba uamuzi wa Baraza ni wa mawaziri wote.

"Hata asiyeupenda?" Mama Chai akauliza.

"Hata huyo. Huo ndio uwajibikaji wa pamoja. Ndani mnaweza kugombana, lakini mkitoka nje mnasema kitu kimoja."

"Kwetu tukigombana plot nzima inasikia."

"Ndiyo maana nyinyi si serikali."

"Na wewe ukiwa huko ndani huwa unasema nini?"

Msaidizi akakoroga chai yake kwa muda mrefu. "Mimi siingii, Mama. Wanaoingia ni mawaziri. Mimi husimama nje nikieleza walichosema, na sikukisikia."

Alilisema kwa utani, na tulicheka, naye akacheka. Lakini hakuinywa ile chai.

Swali la Kibera lilikuja mwaka wetu wa tano pamoja. Mbunge mmoja wa upinzani alitaka kujua kama Waziri anafahamu kwamba wakazi wa sehemu fulani ya Kibera hawana maji ya bomba, na Serikali imechukua hatua gani. Swali likaenda na kurudi, na jibu likatua mezani kwangu likiwa safi. Serikali inafahamu. Vituo sita vya maji vimejengwa, vimekamilika na vinatumiwa na wananchi. Chini palikuwa na sahihi ya Waziri, iliyokuja kwa faksi kutoka nchi ambayo nililazimika kuitafuta kwenye ramani.

Asubuhi ya mazoezi Msaidizi alisoma jibu lote kwa sauti. Nikatoa nafasi kwa upinzani. Mama Chai hakuweka sinia chini.

"Mheshimiwa, hapo ndipo ninapokaa."

"Vizuri sana. Basi unavijua hivyo vituo."

"Nilikuwa nataka wewe unionyeshe. Leo nimeamka kabla ya jua kutafuta maji, nimepanga foleni na mitungi kwa mtu anayeuza, na nikachelewa kazini. Kama kuna vituo sita mlangoni kwangu, mimi ni mjinga, na ningependa kujua."

Nilingoja Msaidizi aseme kwamba ni kosa la mpiga chapa. Nilikuwa nimeishika rula. Yeye akaangalia karatasi, kisha akamwangalia Mama Chai, kisha akaniambia niite dereva.

Tulikwenda wanne. Gari tuliliacha karibu na Soko la Toi, kwa sababu dereva alikataa kuliingiza zaidi ya hapo na Msaidizi hakutaka kuonekana akimlazimisha. Mvua ilikuwa imenyesha. Hatua kumi baada ya soko kiatu cha kushoto cha Msaidizi kilizama kwenye tope na mguu ukatoka bila kiatu. Alisimama kwa mguu mmoja, akinishika bega, waziri msaidizi mzima, wakati Mama Chai akikitafuta kwa mkono. Mwanamke aliyekuwa akikaanga samaki pale kando akaingia ndani na kumletea gambuti za mumewe. Basi alizunguka Kibera akiwa na suti ya rangi ya kijivu, tai nyekundu na gambuti nyeusi zilizomfika magotini, na watu waliotupita walimsalimia kwa adabu zaidi kuliko alivyowahi kusalimiwa akiwa na viatu.

Kituo cha kwanza kilikuwepo. Kilikuwa jukwaa la saruji lenye bomba lililosimama wima, na fundi wa viatu alikuwa ameketi juu yake, amening'iniza soli kwenye mfereji wa bomba. Kituo cha pili kilikuwa ndani ya kibanda cha makaa. Mwenye kibanda alisema alikikuta pale na akaona ni heri akijengee kuta. Cha tatu kilikuwa kimefanywa ngazi ya kanisa. Msaidizi alikagua vyote. Kwenye cha nne alikunja mikono ya shati, akashika koki kwa mikono miwili na kuifungua. Haikutoka hata hewa.

Mzee mmoja alikuwa ameketi hapo akisoma gazeti.

"Mzee, bomba hili huwa linatoa maji?" Msaidizi akamuuliza.

"Hutoa."

Uso wa Msaidizi ukachangamka. "Lini?"

"Siku wakubwa wakija. Huja lori la maji, wanaunganisha mpira huko nyuma, mkubwa anafungua, anapigwa picha. Lakini leo hatujaambiwa kama kuna mkubwa anakuja."

Msaidizi akasema, "Hapana, leo hakuna." Akaifunga koki tena, kwa uangalifu, kama kwamba ingemwaga.

Tulivikuta vyote sita. Nyuma ya kila jukwaa Msaidizi aliinama kutafuta bomba linakotokea, na kila mara lilikuwa limeishia ardhini urefu wa mkono, halikuunganishwa na kitu. Kisha Mama Chai akatupeleka kwenye foleni ya mitungi anakonunua. Ilikuwa imejikunja kona mbili. Hakumtambulisha kwa yeyote. Alimwacha tu asimame pale. Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa ameketi juu ya mtungi wake, na Msaidizi akamuuliza amefika saa ngapi. Alipomwambia, Msaidizi aliitikia kwa kichwa. Njiani kurudi alimwambia yule mwanamke wa samaki asante kwa gambuti, mara tatu.

Ofisini alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Idara. Niliwasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Jibu limekwisha kutiwa sahihi," Mkuu wa Idara alisema.

"Si kweli."

"Limetiwa sahihi, Mheshimiwa. Mambo ya kweli na si kweli hayako katika idara yangu."

Msaidizi akaja kusimama mbele ya meza yangu. "Nikikupa jibu lingine utalipiga chapa?"

Sitajifanya hapa kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa na mama Kitui na wadogo zangu wawili shuleni. Jibu lisilo na sahihi ya Waziri, lenye alama za mashine yangu, lingenitoa kazini kabla ya jioni, na kwa sifa niliyokuwa nayo redioni hakuna ofisi nyingine ambayo ingenichukua. "Nitapiga," nikamwambia, lakini mikono yangu ilibaki mapajani.

Akaiona. "Usipige," akasema. "Nitasoma hilihili."

Nilifarijika, na mara moja nikamdharau, na kisha nikajidharau mwenyewe. Mama Chai naye alisikia. Alituletea chai bila sukari.

Siku ya jibu tuliomba ruhusa, mimi na Mama Chai, tukaketi kwenye roshani ya wageni Bungeni. Sikuwahi kuingia humo. Msaidizi alionekana mdogo kutoka juu. Spika akaita swali, mbunge wa upinzani akaliuliza, na Msaidizi akavuta koti na kukohoa.

"Bwana Spika," akasema kwa Kiswahili, "kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu."

Mama Chai akanishika mkono.

Alisoma jibu lote, neno kwa neno, mpaka "vinatumiwa na wananchi". Kisha akaikunja karatasi. "Hilo ndilo jibu nililopewa. Nami nilikwenda kuviona. Vituo sita vipo, Bwana Spika. Kimoja kinatumiwa na fundi wa viatu, kimoja na muuza makaa, kimoja na kanisa. Kwa hiyo ni kweli vinatumiwa na wananchi. Kisichokuwepo ni maji."

Upande mmoja wa Bunge ukaangua kicheko na upande mwingine ukasimama wote. Mbunge wa chama chake mwenyewe alileta hoja ya nidhamu: je, inaruhusiwa kwa Waziri Msaidizi kulipinga jibu alilolisoma mwenyewe? Spika akamuuliza kama anajibu au anauliza. Msaidizi akasema anajibu, ila jibu lilikuwa fupi kuliko safari. Ndipo mbunge mwingine, mtu wa mizaha, alipoinuka. "Bwana Spika, labda Waziri Msaidizi atuambie kama hilo nalo ni kosa la mpiga chapa wake maarufu."

Bunge zima likacheka, pande zote mbili. Nilitaka kuingia chini ya kiti.

Msaidizi alingoja kicheko kiishe. "Hapana, Bwana Spika. Mpiga chapa aliandika alichopewa, bila kukosea hata nukta. Wala hakukosea zile siku nyingine. Nilikuwa namsingizia."

Mama Chai alinifinya mkono kwa nguvu mpaka nikaumia. Nilikuwa nalia na kucheka, na askari wa Bunge akanionyesha kidole ninyamaze.

Siku iliyofuata saa saba alitia tonge mdomoni na akangoja. Hakutajwa. Siku ya pili, hakutajwa. Waziri alirudi kutoka safari, akaenda Kibera na wapiga picha, na kwa hasira ya kweli kabisa akaagiza mabomba yaunganishwe. Mawili yakaunganishwa kabla hasira haijaisha. Moja lilikuwa karibu na Mama Chai, naye alilitumia kila siku, lakini kila Msaidizi alipomuuliza habari ya maji alimjibu kwamba viwili si sita.

Wiki tatu baadaye Msaidizi alikuwa amesahau kuogopa. Alikuwa akila githeri na kunisimulia habari ya ng'ombe wake, redio ikiwa nyuma yetu, na alikuwa akitafuna vizuri tu wakati msomaji alipotaja jina lake na kusema uteuzi wake umefutwa mara moja. Mama Chai akashika sinia kifuani. Msaidizi akamaliza kutafuna, akameza.

"Afadhali," akasema, "imeshuka." Akamwomba Mama Chai maji ya kunywa. Jioni dereva alimpeleka mpaka lango la nje tu, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa, na kutoka hapo nilimwona kwa dirisha akisimamisha teksi na faili zake zimefungwa kwa kamba.

Uchaguzi uliofuata alipoteza kiti pia. Mimi niliendelea kidogo, kisha kompyuta zikaletwa na watu wa kuzitumia wakaja nazo. Nikafungua kibanda changu hukohuko Kawangware, upande wa steji ya 56, cha kupiga chapa barua, mikataba ya nyumba na maombi ya kazi. Sikumwona kwa muda mrefu.

Nilimkuta mwishoni mwa miaka hiyo, siku niliyotaka misumari ya kutundikia kibao changu. Niliingia kwenye hadwea mpya mbele ya steji, na aliyekuwa nyuma ya kaunta, katikati ya rangi na mabati, akiwa na koti la vumbi, alikuwa yeye. Amekonda. Alinipokea kwa mikono miwili, akauliza habari ya mama, akauliza habari ya Mama Chai, na akanihesabia misumari huku akiniambia ni ya aina gani, vizuri, kama mtu aliyejifunza.

Kabla hajamaliza akaingia mwanamke wa makamo, mwenye kikapu cha mboga na uso wa vita. Akabwaga ufunguo juu ya kaunta.

"Wewe baba, ulinipea kufuli jana. Hii funguo yake haifungui. Nimefunga nyumba asubuhi nikaenda soko, sasa niko nje na mtoto ndani amelala."

Msaidizi akauchukua ufunguo, akauweka karibu na macho. Akafungua boksi lililokuwa rafuni, akatoa kufuli nyingine na ufunguo wake, akavilinganisha. "Nilikupa ufunguo wa nyingine," akasema. "Nilichanganya nikifunga, na wako amekwenda nao mteja mwingine. Nyumba ni wapi?"

"Hapo nyuma ya kinyozi."

Akatoa msumeno wa kukatia chuma, akatoka, akavuta mlango wa duka na kuufunga, mchana wa mauzo, na wateja wawili wamesimama nje. Mimi nilikuwa bado na misumari mkononi, nikawafuata.

Ilikuwa plot ndefu ya mabati, milango ikitazamana. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa ameamka na kuanza kulia. Mama yake akapiga magoti akazungumza naye kupitia tundu la mlango. Msaidizi akapiga magoti upande wa pili, akashika kufuli kwa mkono wa kushoto na kuanza kukata. Chuma kilikuwa kigumu. Jasho lilimtoka mara moja, na majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, mpaka ushoroba ukajaa. Hakuna aliyemjua. Walimwona tu mzee wa koti la vumbi anayekata kufuli ya watu, na walitaka maelezo.

Kijana mmoja aliyebeba redio ya mkononi akasukuma wenzake akafika mbele. "Buda, hii kufuli si ni mpya? Nani aliuzia huyu mama kitu mbovu hivi?"

"Mimi," Msaidizi akasema, bila kuinua kichwa, na akaendelea kukata.